Mtaa Usiomjua Renard

Chicago, 11 Machi 1996

Mpendwa Dada Verlene,

Salamu zikufikie hapo Greenwood, wewe na magoti yako na kuku wako. Sisi huku tunakula na kutembea, tumshukuru Mungu. Wifi yako Delphine anakusalimu. Jocelyn anasema shangazi asijifanye amesahau ile pai ya viazi vitamu. Jumapili nilipiga simu mara mbili, ukaniambia "Hatununui kitu leo" ukakata. Nimeona nirudi kwenye kalamu. Nenda ukapimwe masikio, Dada. Umenivuta yangu miaka yote, sasa ni zamu yako.

Neno lenyewe ni kwamba tunahama mtaa wetu wa Chatham.

Najua utasema nini, lakini nisikilize kwanza. Tangu tumzike mwanetu Renard, kila asubuhi nikitoa gari lazima nipite pale kwenye kona, pale yule dereva alipomgonga akiwa juu ya baiskeli yake, akaenda zake bila hata kupunguza mwendo. Nimejaribu kuzunguka. Njia zote za kutoka mtaani kwetu zinanirudisha palepale. Wiki iliyopita nilisimama katikati ya barabara nikashindwa kuendelea. Magari nyuma yanapiga honi. Mtu mmoja alishuka kuja kunitukana, akafika dirishani, akaniona uso, akarudi garini mwake. Dada, sitaki wageni waendelee kunihurumia barabarani.

Kampuni imefungua tawi Aurora, na wanataka fundi wa mitambo ya joto anayeijua kazi. Ni mji wa pembeni, mwendo wa zaidi ya saa moja kutoka hapa. Nimekubali. Sasa tunatafuta mtaa. Dalali ametutembeza kwingi, tumebakiza sehemu mbili. Moja ni mtaa wa zamani upande wa mashariki, karibu na mto. Nyumba zina vibaraza vya mbele, zimebanana, watoto wako njiani, redio inasikika mpaka ng'ambo. Ya pili inaitwa Willow Glen, mpya kabisa. Barabara yake haitokei popote, inaishia kwenye duara, kwa hiyo gari lisilo la wenyeji halina sababu ya kuingia. Nilisimama pale robo saa sikuona gari hata moja. Nilihisi kifua kimefunguka.

Delphine anapenda ule wa mashariki. Anasema pale mtu akikohoa jirani anamwambia pole. Mimi nataka Willow Glen. Na kuna chumba cha chini, hakina ngazi, nimekipima kwa magoti yako. Wewe unaonaje?

Mdogo wako,
Lucius


Greenwood, 24 Machi 1996

Mdogo wangu Lucius,

Barua yako imenikuta salama, ingawa mvua imenichafulia kibaraza na jogoo mmoja amekufa kwa kiburi chake, alipigana na mbwa wa jirani yangu Hollis. Mnaendeleaje nyote? Masikio yangu hayana ubaya wowote. Wewe ndiye unayenong'ona tangu utotoni.

Nimesoma yako mara mbili. Nimekuona unavyoteseka na ile kona, na nimelia, kwa hiyo usidhani nakudharau ninapokuuliza haya. Umeniandikia ukurasa mzima wa unachotaka wewe, na mstari mmoja wa anachotaka mkeo. Huyo mtoto mlimzaa wawili. Yeye anaipita kona ileile. Anakwambia nini akiipita? Umemuuliza?

Hapo Willow Glen ulisimama robo saa hukuona gari. Uliona mtu?

Nilipomzika Clarence, ndugu walitaka nihame hapa wasije wakanikuta nimekufa peke yangu. Sikuhama kwa sababu nikienda dukani yule msichana wa kaunta bado ananiambia, "Bi Verlene, mume wako alikuwa anapenda hizi karanga." Pengine wewe neno kama hilo lingekukata. Mimi ndilo linalonilisha. Hatufanani, na wala si kosa. Ila ujue mkeo ni wa aina gani kabla hujampakia kwenye lori.

Kuhusu chumba, asante. Magoti yangu yamesema yatafikiria.

Dada yako,
Verlene


Aurora, 30 Juni 1996

Mpendwa Dada,

U hali gani na joto hilo? Sisi tumefika. Mgongo unaniuma kwa kubeba, vingine vyote ni salama.

Tumechukua Willow Glen. Usije ukaniambia sikumuuliza Delphine, nilimuuliza. Tulikwenda mitaa yote miwili jioni moja. Kule mashariki mama mmoja alikuwa anamwagilia maua, akamsimamisha Delphine wakaanza kuzungumzia nywele kama waliocheza pamoja utotoni. Kisha tukaja huku. Nilizima injini tukakaa garini. Nikamwambia, "Sikia kulivyotulia." Akapandisha kioo cha dirisha. Nikamuuliza, "Tuchukue upi?" Akasema, "Chagua wewe, Lucius. Mimi nitalala popote." Basi nikachagua.

Siku ya kuondoka Chatham walikuja wote. Bi Ozella alifunga saluni yake, na unajua yule mama hajawahi kufunga Jumamosi hata kwa harusi ya mwanawe. Alimshika Delphine pale njiani hakumwachia. Wanawake waliofanya kazi bega kwa bega miaka yote hiyo, wanachomana vidole kwa pasi za nywele na kusimuliana siri za watu! Jirani yetu Mzee Tate akaleta mashine ya kukatia nyasi, akaniambia, "Chukua, Renard ndiye aliyekuwa anaijua. Mimi inanikataa." Nikamwambia gari limejaa. Halikuwa limejaa.

Hapa pana nafasi. Nyasi zote zina urefu mmoja. Nimelala usiku kucha kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Mdogo wako,
Lucius


Greenwood, 12 Julai 1996

Mdogo wangu,

Hujambo? Pole na mgongo, upake mafuta ya kafuri.

Nimefurahi kwamba unalala. Nasema kweli, nimefurahi.

Ila "nitalala popote" si jibu la mtu aliyekubali, Lucius. Ni jibu la mtu aliyechoka. Naye je, analala?

Dada yako,
Verlene


Aurora, 17 Novemba 1996

Mpendwa Dada Verlene,

Nisamehe kwa kimya. Natumaini baridi haijakukaza sana. Hapa theluji imeanguka mapema, kila mtu amefungua gereji yake, ametoa gari, ameifunga tena. Ndivyo ninavyowajua majirani zangu, kwa milango ya gereji.

Jocelyn mzima sana. Shule imempa tromboni apige kwenye bendi, na nyumba nzima inateseka. Ana rafiki wawili wanaokuja kumaliza jibini yetu. Anacheka, Dada. Nilikuwa nimesahau kicheko chake kinavyoanzia puani.

Uliniuliza kama Delphine analala. Analala mno.

Kulikuwa na jambo mwezi uliopita. Mama wa nyumba ya tatu alitubishia hodi na keki ya maboga, mtu mwema tu, mweupe, anazungumza haraka. Delphine akamkaribisha kahawa. Mimi niko jikoni nasikia. Yule mama akauliza, kama watu wanavyouliza, "Na watoto mnao wangapi?" Delphine akasema, "Mmoja."

Mgeni alipoondoka nilimwendea. Nikamwambia, "Umesema mmoja!"

Akasema, "Ulitaka niseme nini?"

"Sema wawili! Tunao wawili."

"Nikisema wawili ataniuliza wa pili yuko wapi. Nimwambie, kisha nimpe leso, nimbembeleze yeye, na keki yake iko mezani? Kule Chatham nani aliwahi kuniuliza nina watoto wangapi? Umenileta mahali ambapo lazima nimuue mtoto wangu upya kwa kila anayebisha hodi, au nimkane. Leo nimemkana."

Akapanda juu akavuta blanketi. Siku zilizofuata alishuka kula tu, tena kidogo. Hajatafuta saluni hapa. Mkoba wake wa vifaa vya nywele uko kabatini. Nilimwambia twende tukamwone yule mama wa kule mashariki, akasema, "Kufanya nini? Kumwonyesha nyumba ambayo hatukununua?"

Mimi bado naamka bila ile kona kichwani. Hapo ndipo ninapochanganyikiwa. Kinachoniponya mimi ndicho kinachommaliza yeye, na tumekaa ndani yake wote. Niambie nifanye nini.

Mdogo wako,
Lucius


Greenwood, 2 Februari 1997

Lucius,

Salamu kwako na kwa binti yetu. Niliandika barua mbili za kukujibu nikazichana, sikujua nikwambie nini. Sasa nina la kukwambia.

Mkeo yuko hapa kwangu. Usipige simu polisi wala hospitali, na usiwasumbue watu wa Chatham. Alishuka kwenye basi jana na begi dogo. Mimi nilikuwa nachagua mboga, nikasikia mtu anagonga, ndiyo, nilisikia, nikafungua, akasema, "Wifi, una nafasi?" Nikamwambia viatu vina matope, avue.

Amekula kambare wawili na bakuli la mboga za majani. Kisha akalala kitandani kwangu na mimi nikalala kwenye kochi na magoti haya, kwa hiyo ujue ninavyompenda.

Anasema alikuachia ujumbe chini ya sufuria na alimkumbatia Jocelyn kabla ya shule. Anasema hakukimbia nyumba, alitoka tu kuvuta pumzi. Mwache avute.

Dada yako,
Verlene


Aurora, 9 Februari 1997

Dada Verlene,

Natumaini mko salama. Sisi tupo.

Ujumbe niliuona. Umeandikwa "Nakwenda kwa wifi. Kuku ametolewa kwenye barafu." Miaka ishirini na moja ya ndoa, na ananiachia habari za kuku.

Sina hasira nawe. Ninayo kidogo. Ungeweza kumwambia arudi. Wewe umenilea, Dada, mama yetu alipofariki ulikuwa na miaka kumi na sita ukanifulia na kunipeleka shule, na leo mke wangu yuko kitandani kwako na mimi ndiye ninayeambiwa ningoje.

Mwambie nitahama. Mwambie tutauza hii tuchukue ile ya mtoni. Kesho nitampigia dalali. Lakini Chatham siwezi. Asiniombe hilo tu. Mwambie nimejaribu. Alhamisi baada ya kazi niliendesha gari mpaka karibu, nikaiona taa ya ile kona kwa mbali ikiwa nyekundu, nikageuza. Sikuweza hata kungoja iwe kijani.

Jocelyn anauliza mama yake anarudi lini. Namwambia hivi karibuni. Ananitazama kama ninavyokutazama wewe ukisema masikio yako mazima.

Lucius


Greenwood, 16 Machi 1997

Mdogo wangu Lucius,

Nakusalimu kwa upendo, na kwanza nakwambia: sijachukua upande. Nimeishi na mkeo wiki sita, na nimekulea wewe, kwa hiyo ninyi wote wawili mnaniuma sawasawa.

Hapa amekuwa mwingine. Amewasuka wanawake wote wa kanisani, mpaka mke wa mchungaji, ambaye Mungu anisamehe nywele zake zilikuwa zinahitaji maombi. Wanakaa kibarazani kwangu wanacheka, na akisimulia habari za Renard hakuna anayeinamisha kichwa. Wanamwuliza zaidi. Alikuwa anapenda nini, alikuwa na msichana? Kumbe alikuwa naye! Ulijua? Anaitwa Nadine, anakwenda saluni kwa Bi Ozella, ndiye aliyemwambia Delphine miezi mingi baada ya maziko. Delphine anasema hilo angelijuaje akiwa Willow Glen?

Jana nilimsomea barua yako. Niliposoma habari za ile taa nyekundu alifunika uso kwa aproni. Akasema, "Wifi, mimi ile kona naipenda. Najua inavyosikika. Ndipo mwanangu alipokuwa mara ya mwisho. Nikipita namwambia nakwenda dukani, narudi. Lucius hawezi kupaona na mimi siwezi kutopaona, tutafanyaje?"

Nikamwambia sijui. Sikutaka kumdanganya.

Nikamwuliza kuhusu nyumba ya mtoni. Akasema ungemnunulia mwaka jana ingemtosha, pengine. Sasa angekaa pale akijua wewe umehama kwa ajili yake, naye angelazimika kupona haraka ili usijute. Hana nguvu hizo.

Kwa hiyo Alhamisi anapanda basi, lakini si la kuja kwako. Bi Ozella ana vyumba viwili juu ya saluni, vitupu. Atakaa hapo na atarudi kwenye kiti chake cha kazi. Hajasema amekuacha. Hajasema anarudi. Anachotaka ni Jocelyn aulizwe anataka kukaa wapi, aulizwe kwa kweli, kisha akijibu msimkasirikie.

Nililia alipokuwa anakunja nguo zake. Nilikuwa nimezoea kusikia mtu ndani.

Dada yako anayekupenda,
Verlene


Aurora, 8 Juni 1997

Mpendwa Dada,

U hali gani? Nimechelewa kwa sababu kila nikianza kuandika inakuwa kama ninatia sahihi kitu.

Nilimuuliza Jocelyn. Nilimpeleka kula hambaga, nikamwambia mama yako yuko pale, mimi niko hapa, unataka kukaa wapi, na jibu lolote ni zuri. Alizungusha mrija kwenye soda muda mrefu. Akasema, "Kwa nini mimi ndiye ninayechagua mtaa? Ninyi watu wazima mlishindwa." Kisha akasema anataka kubaki huku, na shule yake na bendi yake. Akasema, "Kule kila mtu akiniona anamwona Renard. Hapa mimi ni Jocelyn." Akaanza kulia, akaniomba nisimwambie mama yake sababu.

Nilimwambia Delphine anabaki kwa ajili ya tromboni. Delphine akasema, "Sawa." Nadhani anajua.

Ijumaa jioni nampeleka Jocelyn kituo cha treni, mama yake anampokea mjini. Jumapili anarudi ananukia mafuta ya nywele. Tunaongea na Delphine kwa simu, tena vizuri, vizuri kuliko tulipokuwa chumba kimoja. Juzi alinisimulia mteja mmoja mpaka nikacheka nikakaa sakafuni. Simu ilipokatika niliiangalia nyumba yote hii. Vyumba vinne, Dada. Chumba chako cha chini nimekipaka rangi.

Usije kwa kunihurumia. Njoo ukitaka.

Mdogo wako,
Lucius


Aurora, 24 Agosti 1997

Mpendwa Dada Verlene,

Natumaini dawa za magoti zinakusaidia, na kwamba kuku wapya hawana kiburi. Sisi tuko salama kwa afya.

Jana Renard angetimiza miaka ishirini. Delphine alinipigia wiki iliyopita akasema, "Nataka tumfanyie siku yake, na nataka uwepo." Nikamwambia Chatham siwezi. Akasema, "Najua. Tutakuja sisi."

Nilidhani anasema yeye na Bi Ozella. Dada, walikuja na magari saba! Yaliingia kwenye duara letu moja nyuma ya jingine, yakapakana mpaka kwenye nyasi za watu. Mzee Tate alivaa suti. Bi Ozella alibeba sufuria kubwa kama ngoma, anawaamuru vijana, "Taratibu, hiyo ni saladi ya viazi, si mkaa!" Yule Nadine alikuja pia. Msichana mrefu, ana aibu. Alinipa mkono akasema, "Mimi ni Nadine," na mimi nikasema, "Nakujua," kwa sababu wewe uliniambia.

Tulichoma mbavu uani. Kila mtu alisimulia lake. Jinsi alivyomtengenezea Mzee Tate mashine ya nyasi ikawaka moto. Jinsi alivyolala kanisani akaanguka kutoka kwenye benchi. Mimi nilikuwa najifanya nageuza nyama. Mapazia ya majirani yalikuwa yanacheza, na baadaye Bwana Lindquist wa ng'ambo akavuka na kiti chake cha kukunja, amekibeba begani, akauliza, "Samahani, hii ni sherehe ya nani?" Nikageuza mbavu zilizokwisha kugeuzwa. Jocelyn akamjibu, "Ya kaka yangu. Alifariki. Utakula mbavu?" Yule mzee akasema pole, akafungua kiti, akala. Akauliza kaka alikuwa mtu wa namna gani. Akakaa mpaka jua linazama, na watu wa Chatham wakamweleza.

Jocelyn alipiga tromboni. Vibaya. Walimpigia makofi mpaka akarudia, vibaya zaidi.

Giza lilipoanza watu wakaingia magarini. Bi Ozella alikaa kwake na injini inawaka, akimngoja Delphine, ambaye alikuwa jikoni anaosha vyombo ingawa nilimwambia aviache. Nilichukua kitambaa nikasimama naye, yeye anaosha, mimi nafuta. Alikuwa anaimba chini kwa chini kama zamani, na mkono wake uligusa wangu nilipokuwa natoa sahani majini, hakuuondoa. Nikaanza kuwaza mambo, Dada. Nikawaza nitatoka nimwambie Bi Ozella azime injini.

Delphine alizirundika sahani, akazibeba, akageuka kwenye kabati, akasita. Akafungua moja, akaona vikombe. Akalifunga. Akasimama nazo mikononi katikati ya jiko lake mwenyewe, akaniuliza kwa upole kama mgeni mwenye adabu:

"Sahani mnaziweka wapi siku hizi?"

Nikamwonyesha.

Mdogo wako,
Lucius